Mashine ya Unga na Masikio Yangu

Shida zangu zilianza mwaka wa 1980, nikiwa na miaka kumi na saba, baba alipokufa na shamba likagawanywa na watu ambao hawakuniuliza mimi nataka nini. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la tatu, kwa hivyo upande huo sikupoteza kitu. Nilikwenda Kitale, nikapata kazi kwenye mashine ya kusaga unga iliyokuwa nyuma ya soko. Nilimwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine upande mmoja, nikashika gunia upande wa pili. Malazi yalikuwa hapo hapo, juu ya magunia.

Wale waliosoma sana huanza habari zao na babu. Mimi naanza na injini, kwa sababu ndiyo iliyonilea. Ilikuwa injini ya dizeli yenye gurudumu zito la chuma, unaizungusha kwa mkono mpaka inakohoa, halafu unaruka pembeni haraka kabla haijakuvunja mkono. Ikishaamka, hakuna mtu anayeongea ndani ya kile chumba. Unaonyesha kwa vidole. Jioni nikitoka nje, masikio yangu yalilia kama nyenje mpaka nilale. Asubuhi yalikuwa yamenyamaza. Baada ya miaka michache hayakunyamaza tena, nami nikayazoea, kama mtu anavyozoea jirani mlevi.

Msomaji wa mjini huenda hajui habari ya mkebe, acha nimwambie. Bomba la moshi la injini hupanda mpaka juu ya paa. Juu ya lile bomba mwenye mashine huvalisha mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Moshi ukisukuma, mkebe unalia: tuku, tuku, tuku. Hilo ndilo tangazo letu. Mwanamke akiwa shambani ng'ambo ya mto, akisikia, anajua mashine imeamka, anaweka jembe chini na kujitwika mahindi yake. Kila mashine ina sauti yake. Anaweza kukuambia bila kuinua kichwa, hii ni ya fulani, hii ni ya yule mchoyo. Mashine isiyolia ni mashine iliyokufa. Hakuna mtu atakayeibebea mahindi.

Mwaka wa 1986 nilinunua injini yangu mwenyewe, kuukuu, nikaisimamisha kwenye kiwanja changu kando ya barabara pale Ndalu. Ukiniuliza pesa nilitoa wapi, nilikuwa nimelala juu ya magunia miaka yote hiyo, jijibu mwenyewe. Mkebe niliuchagua kama mtu anayechagua fahali. Nilijaribu mkubwa, nikajaribu mdogo, nikatoboa mashimo kwa msumari, nikaondoa, nikarudisha. Mwishowe nilipata mmoja uliolia kwa sauti ya juu, kali, inayopenya. Wateja walitoka mbali. Mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa karibu alikuja kuniomba niuondoe wakati wa masomo, ati watoto hawamsikii mwalimu.

Nikamwuliza, "Mwalimu, hao watoto wako wanakula ugali au wanakula chaki?"

Akarudi shuleni kwake.

Mwaka uliofuata nilioa. Mke wangu alitoka Kabuchai, mwanamke wa sauti ndogo, anayeongea kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Ndivyo nilivyompenda. Nyumba nilikuwa nimeijenga mgongoni mwa mashine ili niweze kulinda mali yangu. Injini ikinguruma, vikombe vilitembea kwenye meza vyenyewe. Kuku walitaga lakini hawakukaa kwenye mayai, waliruka wakayaacha baridi. Kando ya nyumba palikuwa na mgunga mkubwa uliojaa viota vya wale ndege wa manjano wanaosuka majani. Baada ya misimu michache viota vilibaki vikining'inia vitupu. Mke wangu alinionyesha. Mimi nikamwambia ndege ni wengi duniani.

Masikio hayakufa siku moja. Kwanza walitoweka nyenje, wale wa kweli, wa kwenye nyasi. Kisha sufuria inayochemka. Kisha mvua, nikawa siijui mpaka niione. Halafu ikawa zamu ya watu. Mtu akisimama mbele yangu niliweza kumsoma midomo, jambo ambalo nilijifunza kule Kitale ndani ya kelele bila mwalimu yeyote. Ukinisalimia uso kwa uso, nakujibu sawasawa, hata mzaha nakurudishia. Lakini ukinisalimia kwa nyuma, au ukapiga hodi mlangoni nikiwa nimeinama, umesalimia gogo.

Kwetu mtu akipiga hodi akakosa jibu, umemfukuza. Watu walianza kusema, na mke wangu ndiye aliyekuwa akiniletea maneno yao.

"Wanasema unaringa. Ati mtu akipata injini moja anajiona DC."

"Waache waseme."

"Yule mama wa viazi amesema utoe unga masikioni."

"Mwambie kwanza atoe mchanga kwenye mahindi yake."

Kumbe angeweza kuwaambia kwamba bwana yake hasikii, yakaisha. Nilimkataza. Mwanaume mwenye mashine haambiwi kiziwi. Kiziwi huibiwa, hupunjwa, huchekwa na watoto. Nilimwambia mimi nasikia, ni watu wanaoongea chini siku hizi. Wageni wakapungua nyumbani mpaka wakaisha, na mimi nikajifanya sioni.

Sasa fikiria mwanamke wa sauti ndogo aliyeolewa na mtu wa namna hiyo. Chochote alichotaka kuniambia, alikuwa analazimika kupayuka, maana nyumbani mtu haongei akiwa amesimama mbele ya uso wako kama askari. Anaongea akiosha vyombo, akimfunga mtoto, akiwa amekupa mgongo. Akapayuka. Nyumba yetu haikuwa na siri tena. Jioni moja alipiga kelele kwamba chumvi imeisha, na kabla ugali haujaiva jirani akaingia na chumvi kwenye karatasi. Alipopata mimba ya mtoto wa tatu aliniambia mara ya kwanza, sikusikia, akaniambia mara ya pili, sikusikia, ya tatu akapayuka kwa nguvu zake zote. Kesho yake sokoni wanaume walinipa mkono wa hongera. Wao walicheka. Yeye hakutoka nyumbani wiki nzima.

Watoto nao wakawa hivyo hivyo. Hawakujua kunong'ona. Waliomba uji kama watu wanaoitana kutoka mlima huu mpaka ule.

Maneno husafiri. Yalifika Kabuchai kwamba binti wa mji wao anamfokea bwana yake kutwa kama anayefukuza ng'ombe kwenye mahindi, tena mwanaume mwenyewe ni mpole, hajibu hata neno. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mtu wa kanisa, mwenye heshima ambayo hakuipata kwa mtu. Hilo lilimchoma. Mwaka wa 1995, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, alituma ujumbe kwamba binti yake aende nyumbani na watoto, ajieleze.

Mke wangu alisimama mbele yangu ili nimwone vizuri.

"Njoo nami," akasema. "Umwambie mama kwamba husikii."

"Mimi nasikia."

"Baba watoto, nimechoka kupiga kelele."

"Nani amekutuma upige?"

Alifunga nguo, akachukua watoto, akaenda.

Mavuno yalipokaribia na hajarudi, nilikwenda kumchukua. Nilivaa koti, nikabeba sukari na nyama. Uani niliwakuta wajomba zake na kaka yake mkubwa wameketi kwenye viti. Tulisalimiana, tukaulizana hali ya mvua, mmoja akanitania kwamba nimenenepa kwa kula unga wa wateja, nami nikamjibu kwamba yeye amekonda kwa kula maneno. Walicheka wote. Mambo yakaonekana mazuri.

Kisha nikaingizwa sebuleni peke yangu, nikawekewa chai. Hapa lazima nieleze desturi yetu. Mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso. Mkikutana njiani, mmoja huingia porini. Akitaka kuzungumza nawe, hukaa chumba kingine, na maneno hupita ukutani. Siku ile alikaa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa udongo. Binti yake alikuwa ametumwa mtoni kuchota maji, makusudi, ili mimi niseme bila aibu.

Haya yote nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba yuko huko. Aliniuliza kama ni kweli binti yake ananifokea. Aliniuliza kama amewahi kunitukana mbele ya watu. Aliniuliza tena, kwa upole, kwamba niseme tu, yeye hatamtetea mtoto wake kwenye ubaya. Mimi nilikuwa nimeketi wima kama mkwe mwenye adabu, nikitazama kalenda ya ukutani, nikinywa chai. Sikusikia kitu chochote. Nilidhani anasubiri nimalize kunywa. Nilipoona nimekaa vya kutosha, nikakohoa, nikasimama, nikashukuru ule ukuta kwa chai, nikatoka.

Nilimngoja mke wangu uani. Alirudi na mtungi kichwani, akaitwa jikoni, na hakutoka tena. Kaka yake akaja kuniambia mama amesema niende kwanza, mambo bado yanazungumzwa. Nilirudi Ndalu peke yangu.

Kule jikoni mama alikuwa amemwambia binti yake, "Mwanaume wa watu amekaa hapo kama mtu aliyefiwa. Nimemwuliza, nimemwuliza, amekataa kukusema. Umemfanya nini wewe?"

"Mama, hasikii. Yule ni kiziwi."

"Kiziwi? Si amecheka na wajomba zako hapo nje sasa hivi? Amejibu kila mmoja! Kwanza unamfokea, halafu unamtafutia kilema?"

Basi. Sasa alikuwa mkali na mwongo pia. Wanawake wa ule mji walimweka katikati, kila mmoja akamfundisha namna ya kukaa na bwana. Yeye, ambaye kabla ya kuolewa hata mbuzi hakuwahi kumfokea.

Mimi huko Ndalu nilijipikia. Ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri, unaungua chini kabla haujaiva juu. Kutwa watu walikuja na mahindi, wakafungua midomo, wakaondoka na unga. Jioni nilikaa mlangoni. Mbwa wangu alikuwa ameacha kubweka, kwa kuwa alikwisha kujua haifai kitu kwangu, akawa anakuja kunivuta suruali mtu akipita. Huyo ndiye aliyekuwa akizungumza nami.

Siku moja nilikuwa nikimimina mahindi, nikaona unga umeacha kutoka. Nikagonga mdomo wa mashine. Nikamimina mengine, yakajaa mpaka juu. Mwanamke aliyekuwa akingoja alinishika bega, akaonyesha nyuma yangu. Mkanda ulikuwa umesimama. Injini ilikuwa imezimika kwa kukosa dizeli, imenyamaza muda wote huo, na mimi sikujua. Ule mngurumo uliokuwa umejaa maisha yangu tangu ujana ulikuwa umeondoka chumbani na sikuona tofauti. Yule mwanamke alikuwa akicheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Nikatia dizeli, nikaendelea na kazi.

Kaka ya mke wangu ndiye aliyekuja. Alisimama mbele yangu kwenye mlango wa mashine, na kwa sababu alikuwa na hasira alitamka kila neno kwa mdomo mpana, nikamsoma vizuri kuliko mtu yeyote mwaka ule.

"Shemeji, dada yetu anaitwa mwongo. Kanisani, kisimani, kila mahali. Wewe unasikia au husikii?"

Nilitaka kusema nasikia. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nijibu, bana! Kama unasikia, yeye atakaa kwetu, maana amekusingizia, na mama hawezi kukuletea tena mwanamke wa namna hiyo. Kama husikii, njoo useme wewe mwenyewe."

Nilizima injini. Wateja walilalamika, niliona mikono yao. Nilifunga mlango, nikaenda naye.

Uani kwao wazee walikuwa wameketi. Sikungoja chai. Nilisema nikiwa nimesimama, "Mimi sisikii. Masikio yangu yalikufa kwenye mashine, zamani. Nasoma midomo. Mke wangu si mkali, anapiga kelele kwa sababu yangu, na mimi ndiye niliyemkataza kusema." Pengine nilisema kwa sauti kubwa mno, maana watoto walitoka nyumba zote. Kiziwi hajui kipimo cha sauti yake.

Mjomba mmoja alitikisa kichwa. Hakuamini. Shemeji akamwambia, "Mjomba, ziba mdomo kwa kofia umwulize kitu." Mzee akavua kofia, akaiweka mdomoni, akasema maneno. Nilimtazama macho yake tu. Akasema tena. Uani watu wote walipasuka kicheko, wanawake wakashikana mabega, mtoto mmoja akaanguka chini kwa kucheka. Nilisimama hapo katikati yao. Mpaka leo sijui yule mzee alisema nini. Niliwauliza baadaye, kila mtu akasema amesahau.

Lakini wakaamini.

Mama mkwe akataka kuzungumza nami yeye mwenyewe. Desturi ilikuwa pale pale, na ukuta ulikuwa pale pale. Ndipo mke wangu akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alichukua kigoda akakaa mlangoni, kati ya jikoni na sebule, amemwachia mama yake sikio na mimi amenielekezea uso. Mama alisema huko ndani, na yeye akayarudia kwa midomo bila kutoa sauti. Kwa nini apige kelele? Mimi sikuhitaji sauti. Sikuwa nimewahi kumwambia, na yeye hakuwa amewahi kufikiri hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa nikishikilia kwamba nasikia.

"Umemwacha mtoto wangu aitwe mwongo," midomo ya mke wangu ilisema.

"Ndiyo, mama."

"Na hawa wajukuu. Huyu mdogo akiomba maji ng'ombe wanavunja zizi. Nimekaa miezi nikiwafundisha kunong'ona. Unataka niwarudishe kwenye hiyo kelele?"

"Mashine ndiyo inayowalisha."

Mke wangu alikuwa akisikiliza. Kisha: "Anasema, hajakuuliza chakula. Amekuuliza kelele."

Nilitazama midomo ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasema nitahamisha nyumba, na mkebe nitautoa.

"Anasema sawa," akasema mke wangu. Halafu akaongeza, na hilo nililiona halikutoka jikoni, "Na ukitaka kuniambia jambo, nitazame."

Nilijenga nyumba nyingine mwisho wa kiwanja, mbali na barabara. Bomba la moshi niliukunja mdomo wake, nikauingiza kwenye shimo la mawe. Wateja wa ng'ambo ya mto walidhani nimekufa. Mmoja alikuja kutoa pole, akanikuta nasaga. Kijana mmoja aliweka mashine yake chini kidogo ya barabara, na mkebe wenye mdomo kama tarumbeta, na watu wengi wakamwendea. Sikumlaumu. Nilimwambia atie pamba masikioni, akanijibu pamba ni ya maiti. Sasa hivi naye anageuza shingo akisalimiwa.

Kuku walikaa kwenye mayai. Ndege wa mgunga hawakurudi.

Miaka iliyobaki nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na utulivu kuliko zote Ndalu. Mgeni akija alikuta watu wawili wametazamana, midomo inacheza, hakuna sauti, halafu mmoja anacheka. Tuligombana hivyo pia. Mke wangu akikasirika alifumba macho ili nisimjibu, maana nikijibu kwa midomo haoni, na nikimtazama yeye, midomo yake imefungwa. Hapo unashindwa kabisa.

Alikufa kwa ugonjwa wa sukari, na sasa ni miaka. Watoto ni watu wazima, wako mbali kikazi. Wakija wananipigia kelele sikioni, kwa upendo, wakisahau kwamba ni uso ninaoutaka. Wajukuu wananiandikia kwenye simu, na kusoma kwangu ni kwa darasa la tatu, nikimaliza mstari wao wameshatoka nje kucheza. Walininunulia kifaa cha kuweka sikioni. Kinanipa mngurumo tu, na mngurumo ninao wangu.

Siku nyingine sisemi na mtu kutoka asubuhi mpaka jua linatua. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Mimi si maskini.

Nina ekari nne hapa Ndalu, zote na cheti. Nina nyumba ya matofali yenye vyumba vitano na madirisha makubwa kila upande. Nina mashine ya kusaga, siku hizi ni ya stima, nimeikodisha. Nina ng'ombe watatu wa maziwa na ndama mmoja. Nina migomba, nina kisima chenye pampu, nina tanki la maji la plastiki. Nina baiskeli. Nina makochi, meza, redio ambayo ni ya wageni, na kitanda kikubwa. Nina kaburi lililosakafiwa vizuri, na nafasi iliyobaki kando yake. Vyote hivyo nimevinunua mimi mwenyewe.